Usukani wa Pembe za Kondoo

Msomaji, baisikeli ni chombo kilichozoeleka hata watu wameacha kukitazama. Mwombe mtu akueleze jinsi kilivyo: ataanza na magurudumu, kisha atataja mnyororo, pedeli na kiti. Usukani ataukumbuka mwisho, kana kwamba ni kijiti tu cha kushikia. Walakini watu wa mbio za baisikeli wamebishana juu ya kijiti hicho kwa zaidi ya miaka mia, wamekitungia sheria, na kwa ajili yake wapo waliotolewa mashindanoni. Katika insha hii nataka tuutazame usukani wa namna moja: ule unaotoka kwenye shingo ya baisikeli kwenda kulia na kushoto, ukageuka kuelekea mbele, kisha ukashuka na kurudi nyuma kwa mviringo mmoja, mfano wa pembe za kondoo dume. Nitauita usukani wa pembe.

Baisikeli ya awali haikuwa na pedeli wala mnyororo. Mwaka 1817, katika mji wa Mannheim huko Ujerumani, Karl von Drais alitengeneza chombo cha mbao chenye magurudumu mawili yaliyofuatana, akakipanda kama apandavyo mtu farasi, akakisukuma kwa kupiga hatua ardhini. Mbele yake palikuwa na fimbo ya kuongozea, na pamoja nayo kibao chenye mto ambapo mpandaji aliegemeza mikono yake. Kiweke kibao hicho akilini, kwani baada ya miaka zaidi ya mia moja na sabini tutakikuta tena mahali tusipotazamia.

Katika miaka ya 1860 mafundi wa Paris walitia pedeli katika gurudumu la mbele. Kwa kuwa mzunguko mmoja wa mguu ulikuwa mzunguko mmoja wa gurudumu, aliyetaka mwendo mkubwa zaidi hakuwa na njia ila kulikuza gurudumu lenyewe. Likakuzwa hata likamfikia mtu kifuani. Mpandaji alikaa juu yake kama mkwezi juu ya mnazi, na magoti yake, kila yalipopanda, yaligombania nafasi na usukani. Ndipo mafundi wakaanza kuupinda usukani kwa namna mbalimbali ili miguu ipate kupita. Yaani ulipindwa kwanza kwa sababu ya magoti, wala hakuna aliyekuwa akifikiri habari ya upepo.

Habari ya upepo ilikuja baadaye. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baisikeli yake iliyoitwa Rover, yenye magurudumu yaliyokaribiana kwa ukubwa na mnyororo uliozungusha lile la nyuma. Hiyo ndiyo mama wa baisikeli zote tuzionazo leo. Miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop, aliyekuwa akikaa Belfast, akatia hewa katika tairi. Mwendo ukaongezeka ghafula, na wapandaji wakagundua kwamba adui wao mkubwa katika barabara ya tambarare haonekani kwa macho. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya hewa inayokusukuma nyuma huzidi mara nne, na kazi ambayo miguu yako hainabudi kuifanya kila dakika ili kuishinda hewa hiyo huzidi mara nane. Na sehemu kubwa ya kizuizi hicho si baisikeli, ni kiwiliwili cha mpandaji mwenyewe. Akikaa wima, kifua chake ni tanga lililotwekwa dhidi ya upepo. Akiinama, tanga limekunjwa. Kumwinamisha mtu ni kumshushia mahali pa kushika, na basi usukani ukashuka.

Kati ya waliojulikana sana kwa kuinama namna hiyo alikuwa Mwamerika mweusi, Marshall Taylor, aliyeitwa kwa lakabu Major Taylor. Alizaliwa Indianapolis mwaka 1878, na mwaka 1899 huko Montreal alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio fupi. Katika nchi yake kulikuwa na viwanja alivyofungiwa milango, na wapandaji weupe waliokula njama kumzingira na kumwangusha. Ushindi wake mwingi aliupata kwa kutangulia mbele kabla hawajamfungia njia. Katika picha zake mgongo umelala kama meza, na usukani wenye pembe umesogezwa mbele sana kwa shingo ya chuma inayoweza kurekebishwa. Shingo ya namna ile yaitwa hadi leo kwa jina lake. Alikufa maskini huko Chicago mwaka 1932.

Taylor alikuwa mtu wa mbio fupi. Lililoufanya usukani wa pembe ukae miaka mingi ni barabara ndefu. Mwaka 1903 gazeti la L'Auto la Paris, chini ya mhariri wake Henri Desgrange, lilianzisha mashindano ya kuizunguka Ufaransa, Tour de France. Safari yote ilikuwa kilomita 2,428, lakini iligawanywa katika vituo sita tu, hivi kwamba siku ya kwanza peke yake, kutoka Paris hadi Lyon, ilikuwa kilomita 467. Maurice Garin, aliyeishinda siku hiyo na baadaye mashindano yote, alikaa kitini zaidi ya saa kumi na saba. Walioondoka walikuwa 60, waliofika mwisho 21.

Sasa, msomaji, ifikirie mikono ya watu hao. Weka kiganja chako juu ya ukingo wa dawati, uegemeze uzito wako, ukae hivyo kwa muda wa kipindi kimoja cha darasa. Vidole vitaanza kuwashwa, kisha vitakufa ganzi, maana mishipa ya fahamu inayopita kiganjani imebanwa. Hakuna dawa ila kuhamisha mkono. Hapo ndipo hekima ya mviringo ilipo. Mpandaji akiwa mlimani hushika sehemu ya juu iliyonyoka, kifua kikafunguka, akavuta pumzi. Akifika tambarare hupeleka mikono mbele, juu ya mpindo, palipokuja kufungwa mikono ya breki. Akishuka mteremko, au akiwa peke yake dhidi ya upepo, au akiona mstari wa mwisho mbele yake, hushuka hadi chini kabisa. Na kati ya sehemu hizo hapana kona: kiganja chaweza kuteleza kidogo kidogo kutoka juu hadi chini, kikatulia po pote kitakapo. Usukani ulionyoka humpa mtu mahali pamoja tu. Huu humpa njia nzima.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kuupinda usukani huo kukawa sanaa yenye majina. Katika Italia, Cino Cinelli, ambaye alikuwa ameshinda mbio za Milan–San Remo mwaka 1943, aliacha kukimbia akawa mtengenezaji, na miundo yake akaipa nambari na majina ya mashindano: 64 Giro d'Italia, 65 Criterium, 66 Campione del Mondo. Kila muundo ulikuwa na kina chake na mpindo wake, na wapandaji waliuchagua kama washonaji wachaguavyo sindano. Muundo mwingine uliopendwa uliitwa Maes. Wabelgiji wawili wa jina hilo walishinda Tour de France, Romain mwaka 1935, na Sylvère mwaka 1936 na 1939.

Lakini usidhani kwamba usukani huo ulitawala bila kupingwa. Ipo rekodi moja katika mchezo huu ambayo ni nyepesi kuieleza na nzito kuivunja: mtu mmoja, peke yake, katika uwanja wa mviringo, aende mbali awezavyo kwa saa moja. Desgrange huyo huyo wa L'Auto alikuwa ameiweka mwaka 1893, kilomita 35.325. Mwaka 1914 Mswisi Oscar Egg alifika kilomita 44.247, na hakuna aliyempita hadi mwaka 1933, Mfaransa Francis Faure alipoleta uwanjani baisikeli iliyotengenezwa na Charles Mochet, ambayo mpandaji wake hulala chali na kutanguliza miguu. Akaenda kilomita 45.055. Chama cha baisikeli cha dunia, UCI, kilistaajabu, kikakutana, na mwaka 1934 kikaamua kwamba chombo kile hakistahili kuhesabiwa pamoja na baisikeli za mashindano. Swali lililoulizwa siku hizo halijaisha hata leo: katika mbio, ni nani ashindanaye, mtu au chombo?

Tarehe 25 Oktoba 1972 Mbelgiji Eddy Merckx aliijaribu rekodi hiyo katika jiji la Meksiko, penye hewa nyepesi kwa sababu ya kimo chake cha zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Baisikeli yake, kazi ya Mwitaliano Ernesto Colnago, ilikuwa nyepesi mno, lakini kwa umbo haikuwa na ajabu: mabomba ya mviringo, magurudumu yenye spoki, usukani wa pembe. Alikwenda kilomita 49.431, akateremka akiwa hawezi kusimama sawasawa, na ingawa alikuwa mwendeshaji mkuu wa zama zake hakuijaribu tena maishani.

Kisha mafundi wakaingia kazini. Mwaka 1984, katika jiji lile lile, Francesco Moser alipita kilomita 51 akiwa na magurudumu mazima kama sahani, na usukani ambao pembe zake zilitazama mbele na juu, mfano wa pembe za fahali. Mwaka 1989 Tour de France ilikuwa imebakiza safari moja, kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris, kila mtu peke yake dhidi ya saa. Mfaransa Laurent Fignon alikuwa mbele ya Mwamerika Greg LeMond kwa sekunde 50, na wengi walidhani mambo yamekwisha. LeMond alikuja na usukani ulioongezewa fito za kunyosha mikono mbele, na vibao vyenye mito vya kuegemezea mikono. Ndicho kile kibao cha Drais, kimefufuka! Baada ya zaidi ya kilomita 3,000 za barabara, LeMond aliishinda Tour kwa sekunde 8, na mpaka leo hapajapata kuwa na tofauti ndogo kuliko hiyo.

Miaka minne baadaye akatokea Mskoti Graeme Obree. Huyu aliunda baisikeli yake mwenyewe, na sehemu yake moja aliitoa katika mashine ya kufulia nguo. Usukani wake ulikuwa mfupi na wa karibu, naye alikunja mikono chini ya kifua kama ndege aliyefunga mabawa. Mwezi wa Julai 1993, huko Hamar katika Norwe, alikwenda kilomita 51.596. Siku sita tu zikapita, Mwingereza Chris Boardman akaenda kilomita 52.270 huko Bordeaux. Mwaka 1994 UCI ikaukataza mkao wa Obree, naye akatolewa katika mashindano ya ubingwa wa dunia mjini Palermo. Hakukata tamaa: akabuni mkao mwingine, wa kunyosha mikono yote mbele kama mtu arukaye angani. Kwa mkao huo Boardman alifika kilomita 56.375 mwaka 1996; kisha na huo ukakatazwa.

Hebu tufanye hesabu. Tangu Merckx hadi hapo zimeongezeka takribani kilomita 7. Ngapi katika hizo ni za miguu ya mtu, na ngapi ni za akili ya fundi? UCI ilitoa jibu lake mwaka 2000, jibu kali: atakaye rekodi na arudi kwenye baisikeli ya mfano wa ile ya Merckx, mabomba ya mviringo, spoki za kawaida, usukani wa pembe. Tarehe 27 Oktoba mwaka huo, mjini Manchester, Boardman alikubali mtihani. Mtu aliyekwisha kupita kilomita 56 alikwenda kilomita 49.441. Alimshinda Merckx kwa mita kumi, ambazo hazizidi sana urefu wa darasa lako.

Yapo ya kusema juu ya ulinganisho huo, maana Merckx alisaidiwa na hewa nyepesi ya Meksiko, na Boardman alisaidiwa na elimu ya mazoezi ya miaka karibu thelathini iliyofuata. Nami naona sheria ile haikuwatendea haki mafundi, kwani baisikeli yenyewe, tangu Drais, ni kazi ya watu waliokataa kuridhika na ya jana. Hata hivyo mita kumi zile zimetufundisha jambo ambalo hesabu za vitabuni zisingetufundisha. Sheria ilitanguliwa mwaka 2014, vibao vya mikono vikarudi, na mwaka 2022 Filippo Ganna wa Italia akafika kilomita 56.792.

Wajapani hawakungoja malumbano hayo. Mchezo wao wa keirin, ulioanza mwaka 1948, ni mbio ambazo watazamaji huweka fedha kamari, na mahali penye fedha za watu pasiwepo chombo cha siri. Kwa hiyo wapandaji wa keirin hutumia vyombo vilivyokaguliwa na kukubaliwa, nao usukani wa pembe wa mviringo, wa namna ya zamani, ukadumu huko bila kelele.

Barabarani, wapandaji wanapoondoka wote kwa pamoja, usukani wa pembe haukushindwa, maana fito za LeMond ni hatari katikati ya kundi: mikono iko mbali na breki, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Hata kuegemeza mikono juu ya usukani bila vibao kulikatazwa na UCI tangu Aprili 1, 2021. Lakini umbo lake lilibadilika kwa njia ya kimya. Mwaka 1990 kampuni ya Shimano ya Japani ilianza kuuza mikono ya breki ambayo pia hubadilisha gia. Kabla ya hapo mpandaji alikuwa akiteremsha mkono hadi kwenye bomba la fremu kila atakapo gia nyingine. Sasa kila kitu kiko chini ya vidole vyake. Viganja vikahamia juu ya breki na kukaa hapo karibu siku nzima. Watengenezaji wakafuata: wakanyosha sehemu ya mbele ili kiganja kilale sawasawa, wakafupisha urefu wa kwenda mbele na kina cha kushuka. Wengine wakakata mviringo wenyewe na kuweka kipande kilichonyoka, wakisema kimepimwa kwa umbo la mkono. Usukani wa zamani huenda mbele milimita 85 au zaidi na kushuka 140 au zaidi. Wa siku hizi huenda mbele 70 hadi 80 tu na kushuka kama 125.

Huenda ukauliza, kwa nini basi mtu wa leo achague ule wa zamani? Jibu langu ni kwamba mviringo usiokatika haukuamulii mahali pa kushika. Kile kipande kilichonyoka kimepimwa kwa mkono wa mtu fulani, na kama mkono wako si mkono wake, kona zake zitakuchoma kiganjani kila siku. Mviringo hauna mwenyewe. Pia kina chake humpa mpandaji tofauti ya kweli kati ya juu na chini, ilhali katika wa siku hizi kushuka ni kama kutoshuka. Lakini kina hicho kina bei. Mwenye mgongo mgumu hatashuka chini hata mara moja, na mwenye vidole vifupi, hasa kijana, ataona breki iko mbali naye akiwa ndani ya mpindo. Watu wa namna hizo wachague usukani mfupi, wala wasione haya.

Wala si kila baisikeli inayodai pembe. Ile baisikeli nzito tuiitayo hapa Kenya Black Mamba ina usukani unaorudi kwa mpandaji, naye hukaa wima. Ndivyo ipasavyo, maana mtu aliyebeba magunia, au aliyepakia abiria kama wale wa boda boda wa kwanza pale mpakani Busia, anahitaji kuona mbali na kutawala mzigo. Upepo si shida yake. Katika Eritrea, ambako Waitaliano waliacha mapenzi makubwa ya mbio, ndiko alikotoka Biniam Girmay, ambaye mwaka 2024 alishinda safari tatu za Tour de France, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Utazame ushindi wake: katika mita za mwisho viganja viko chini kabisa ya mpindo, mahali pale pale alipoviweka Major Taylor.

Ukipata kuununua, anza na mabega. Pima kutoka ncha ya mfupa wa bega moja hadi ya pili, na upana wa usukani ukaribiane na kipimo hicho. Wapo wakimbiaji wa leo wautakao mwembamba zaidi kwa ajili ya upepo. Kisha tazama unene wake pale unapobanwa katikati. Za zamani nyingi ni milimita 25.4 au 26, na za leo ni 31.8, na usukani mwembamba katika shingo pana hautakaza kamwe, utazunguka mkononi mwako siku utakapobana breki kwa hofu. Ukiwa wa aluminiamu na umetumika, uchunguze mahali hapo kwa jua kali. Ukiona ufa mwembamba kama unywele, au ukiambiwa umewahi kuanguka vibaya, uache, hata ukipewa bure. Unapoufunga, sehemu ya chini ya pembe ilale karibu sawa na ardhi, au ielekee kidogo kwenye breki ya nyuma. Chukua rula ndefu uilaze chini ya sehemu hiyo. Ncha za mikono ya breki ziiguse rula. Utepe wa kushikia uanze kuuzungusha kwenye ncha ya chini ukipanda juu, ili kila mzunguko ulalie ule uliotangulia, viganja visije vikaufumua.